Nyanya kubadilika ghafla si uzee

Dada, umesema nyanya yako alikuwa akijipikia mwenyewe hadi Jumapili, na leo Jumatano anaongea na watu asiowaona, mchana analala, usiku anakesha, na majirani hapo Kisauni wanasema ni uzee au majini. Uzee hauingii kwa siku 3. Ugonjwa wa kusahau huja polepole, kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kunakozidi na kupungua kutwa, ni dharura: mara nyingi kuna maambukizi ya mkojo au mapafu, malaria, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji (na joto hili la Mombasa!), hata kufunga choo. Mpelekeni leo hii, Hospitali Kuu ya Pwani au yoyote iliyo karibu. Bebeni dawa zake zote, za dukani pia. Zile za mafua zinazoleta usingizi huwavuruga sana wazee. Mwambieni daktari siku hasa alipobadilika.

Msimfunge kitandani, nakuomba. Mvalisheni miwani yake, akae na mtu anayemjua, na msibishane naye kuhusu anachokiona. Hata akitibiwa, anaweza kuchukua wiki kadhaa kutulia. Usahaulifu ukibaki baada ya hapo, ndipo mrudi apimwe kumbukumbu.