Wasomaji Wanauliza: Njia ya kutoka Championship hadi Ligi Kuu

Stand United ilimaliza ya tatu msimu wa 2024/25, ikaitoa Geita Gold, na bado tumebaki Championship. Nafasi ya tatu ina faida gani basi? (Msomaji, Shinyanga)

Faida ipo, ila ni ndogo kuliko mashabiki wengi wanavyodhani. Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu ya Tanzania, ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, na zinazopanda moja kwa moja ni mbili tu. Ya tatu na ya nne zinakutana nyumbani na ugenini. Mshindi wa hapo hajapanda. Amepata tu nafasi ya kucheza na timu ya Ligi Kuu. Huko juu nako timu ya 13 na ya 14 zinamenyana, anayeshinda anabaki, na anayeshindwa ndiye anayekutana na yule wa Championship. Hizo ni mechi nne za ziada, na mbili za mwisho unacheza na kikosi kilichotumia msimu mzima kikikabana na Simba, Yanga na Azam.

Matokeo ya karibuni yanaonyesha ugumu wake. Mwaka 2022 JKT Tanzania ilikwama kwa Tanzania Prisons. Mwaka 2024 Biashara United ilikwama kwa Tabora United, na mwaka 2025 Stand ikakwama kwa Fountain Gate. Katika miaka hiyo minne aliyepenya ni Mashujaa ya Kigoma peke yake, ilipoishusha Mbeya City mwaka 2023. Mbeya City ilihitaji misimu miwili kurudi, na ilirudi kwa kumaliza ya pili, si kwa mchujo.

Ubora wa wachezaji ni sababu moja. Nyingine, ambayo haizungumzwi sana, ni kalenda. Mwaka 2025 Championship ilimalizika Mei, Ligi Kuu ikaenda hadi mwishoni mwa Juni. Timu ya Championship inakaa wiki nyingi bila mechi ya ushindani huku mpinzani wake akicheza kila wiki. Klabu iliyo nafasi ya tatu au ya nne lazima mambo mawili iyapange kuanzia Machi. La kwanza, mikataba ya wachezaji isiishe na mechi ya 30; isomeke hadi mchujo umalizike, na posho za wiki hizo ziwe zimetengwa. La pili, zitafutwe mechi za kirafiki, angalau moja kwa wiki, tena na timu za Ligi Kuu zilizo tayari kucheza. Mazoezi peke yake hayarudishi kasi ya mechi. Mchezaji aliyekaa wiki nne bila ushindani utamwona dakika ya 65: anafika kwenye mpira, ila anafika amechelewa.

Ni pointi ngapi zinatosha kupanda moja kwa moja? (Msomaji, Songea)

Hakuna namba iliyoandikwa kwenye kanuni, lakini benchi la ufundi lenye akili hupanga pointi 65 kwenda juu kati ya 90. Zigawe hivi: nyumbani mechi 15, shinda 12, sare mbili, poteza moja, hizo ni 38. Ugenini mechi 15, shinda nane, sare tatu, poteza nne, hizo ni 27. Jumla 65.

Angalia hesabu ya ugenini kwa makini. Timu nyingi za Championship ni ngumu kwao. Ukienda viwanja vya Majimaji, Mkwakwani, Karume ya Musoma au Ilulu, hakuna anayekupa pointi bure. Ukishinda nyumbani tu na ugenini ukaambulia sare, hata mechi zako zote 15 za nyumbani ukizishinda unapata 45, na sare 15 za ugenini zinakufikisha 60. Hapo unaugombania mchujo. Wanaopanda ni wale wanaoshinda ugenini dhidi ya timu za nafasi ya 9 hadi ya 16, na hasa katika mzunguko wa kwanza, kabla timu hizo hazijaanza kupigania roho zao. Lala salama inapofika, timu ya 14 ni mpinzani mwingine kabisa: mbili za mwisho zinashuka First League, ligi iliyo chini ya Championship, moja kwa moja, za 13 na 14 zinaingia mchujo wa kubaki, kwa hiyo kila mpira unachezwa kama wa mwisho.

Timu mbili zikilingana pointi? (Msomaji, Tanga)

Tofauti ya mabao. Msimu wa 2023/24 Azam na Simba zilimaliza Ligi Kuu na pointi 69 kila moja, Azam ikachukua nafasi ya pili kwa mabao. Ukiongoza 2-0 dhidi ya timu iliyochoka, usianze kupoteza muda. Tafuta la tatu.

Tumepanda kutoka First League na sasa tuna safari za mikoa ya mbali. Tujipange vipi? (Katibu wa klabu, Kanda ya Kaskazini)

Hapa ndipo msimu unapovunjikia kwa klabu nyingi ndogo. Kutoka Arusha hadi Songea ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na kwa timu ya Musoma kwenda Lindi ni mbali zaidi ya hapo.

Ratiba ikitoka, kaeni siku hiyo hiyo na kuandika mechi 15 za ugenini kwa mikoa. Zile zinazofuatana kanda moja ziunganisheni kuwa safari moja, timu ibaki huko huko ifanye mazoezi katikati. Kwa safari inayozidi kilomita 800, timu ifike siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia mechi. Wachezaji waliokaa kwenye basi saa 14 miguu inavimba na misuli ya paja inakaza. Wakicheza kesho yake, kukimbia kwa kasi mara ya kwanza tu mtu anashika nyuma ya paja.

Beba wachezaji 20, wawili wakiwa makipa. Meneja wa timu awe na leseni zote za wachezaji kwenye bahasha moja anayoilinda mwenyewe, isikae kwenye begi la vifaa. Bebeni seti mbili za jezi za rangi tofauti kabisa, pamoja na soksi na jezi za makipa, kwa sababu kwenye kikao cha kabla ya mechi kamisaa anaamua nani avae nini, na soksi zinazofanana zinaweza kuwaletea usumbufu. Daftari la kadi liwe mkononi: mwenye kadi za njano zilizofikia idadi iliyowekwa na kanuni anakosa mechi inayofuata, na kumchezesha kwa kusahau ni kutoa pointi mlizozitolea jasho.

Fedha za usafiri wa mzunguko wa pili zifungiwe akaunti yake tangu mwanzo. Klabu nyingi hutumia kila kitu kufikia Desemba, kisha zinaanza kuchangisha kwa kila safari. Kutofika uwanjani ni kosa zito kuliko kufungwa 5-0. Msimu wa 2024/25 Biashara United ilipokwa pointi 15 kwa kushindwa kufika kwenye mchezo. Pointi 15 ni ushindi wa mechi tano, na kwa timu ya katikati ya msimamo hiyo ni hukumu ya kushuka.

Dirisha dogo tusajili wangapi? (Msomaji, Mbeya)

Watatu au wanne. Dirisha hilo kwa kawaida ni la katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, na anayekuja anahitaji kucheza kesho. Mkopo wa mchezaji asiyepata nafasi Ligi Kuu ni njia nzuri, mradi uulize amecheza dakika ngapi tangu Agosti. Ukisajili wanane unavunja timu iliyokwisha kuzoeana.

Tukipanda, kazi ya kwanza ni ipi? (Msomaji, Tabora)

Usajili, na kabla ya usajili, madeni. Tabora mnalijua hili. Kitayosce, iliyokuja kuitwa Tabora United, ilipanda mwaka 2023 ikiwa ya pili nyuma ya JKT Tanzania, na Agosti ikaenda Azam Complex kwa mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa sababu wengine hawakuwa na kibali kutokana na zuio la FIFA la kusajili. Wawili wakaumia, wakabaki sita, na sheria inataka wasiopungua saba. Mechi ikaishia hapo, timu ikiwa nyuma 4-0.

Kwa hiyo wiki ya kwanza baada ya kupanda, kabla ya kumtafuta mshambuliaji, orodhesha kila mchezaji na kocha aliyewahi kudai, walioko nje ya nchi wakiwamo. Lipa, au andikishaneni makubaliano ya kulipa kwa awamu, na uchukue uthibitisho wa maandishi. Zuio lililowekwa haliondoki siku hiyo hiyo unayolipa. Nyaraka zinapita kwenye ngazi kadhaa, na dirisha halikusubiri. Anza Juni. Ukianza Agosti umechelewa.