Kibao cha onyo kwenye nyasi zilizopigwa dawa: kinahitajika kweli?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nasimamia nyumba za kupangisha, katikati kuna kiwanja cha nyasi ambapo watoto wanacheza na wapangaji wawili wana mbwa. Mwisho wa wiki nataka kupiga dawa ya magugu yenye 2,4-D maana magugu ya majani mapana yamezidi. Fundi wa kupulizia anasema vibao vya nini, dawa ikishakauka ndo imeisha hiyo. Je niweke au nisiweke? Niandike nini, kikae muda gani, na mvua ikinyesha inakuwaje?

JIBU: Weka. Fundi wako hajakosea kabisa, lebo nyingi za dawa za magugu za bustani zinasema kweli watu na wanyama wasiingie mpaka dawa ikauke, shida ni kwamba yeye anasikia "ikauke" anaelewa "iishe", na hivyo ni vitu viwili tofauti. Dawa iliyokauka bado ipo juu ya jani, imeshika tu haichuruziki, na asubuhi umande ukitua nyasi zinalowa tena, mtoto akigaragara hapo baadhi ya mabaki yanahamia mkononi na mkono wa mtoto unajulikana unaishia wapi. Mbwa ndo usiseme, analala palepale halafu anajilamba miguu. Na hii 2,4-D yenyewe watafiti walishaipima, wakaikuta mpaka ndani ya nyumba kwenye mazulia, imebebwa na viatu na miguu ya mbwa kutoka kwenye nyasi zilizopigwa. Sikutishi, kiasi kinachobebwa huwa ni kidogo, ila kwa nini kiingie kabisa wakati karatasi moja na kijiti vingekizuia?

Sasa muda. Kitu cha kwanza fungua lebo ya dawa yenyewe, sio ya mwaka jana na sio ya jirani, utafute sehemu inayoongelea kuingia tena eneo lililopigwa. Kilichoandikwa pale ndo kima cha chini, hushuki hapo hata mpangaji agombe vipi. Kupanda juu ruksa. Mimi kwa kiwanja chenye watoto naenda masaa 24 hata kama lebo imesema mpaka ikauke tu, kwa sababu huwezi kusimama pale unagusagusa majani kila nusu saa kuona kama yamekauka, na chini ya mti panachelewa sana kuliko juani. Wala sio mimi tu, sheria ya jimbo la New York kule Marekani inataka mtoa huduma akishapiga dawa kwenye nyasi za makazi aweke vibao na vikae masaa 24. Kama ni dawa ya chembechembe hesabu ni nyingine, ile baadhi ya lebo zinataka umwagilie maji kwanza ishuke chini kwenye udongo, kisha nyasi zikauke, ndo watu waingie.

Kuna watu wanaangalia rangi ya mkanda kwenye chupa, wakiona kijani au bluu wanasema hii haina neno. Ile rangi inakwambia ukali wa sumu kwa aliyeinywa au aliyemwagikiwa, nyekundu ikiwa kali zaidi, njano inafuata, halafu bluu na kijani, lakini haikwambii lini mtoto arudi kucheza mpira. Hilo lipo kwenye maandishi madogo ambayo hakuna anayetaka kuyasoma.

Maneno ya kibao yawe machache na yawe na saa, mimi ningeandika hivi:

DAWA IMEPIGWA, USIKANYAGE NYASI. Watoto na wanyama wasiingie. Dawa ya magugu (2,4-D). Imepigwa Jumamosi saa 1 asubuhi. Ruksa kuingia Jumapili saa 1 asubuhi. Maswali: namba yako ya simu.

Basi. Vibao vingi ninavyoviona vina "HATARI" kubwa na fuvu la kichwa halafu saa hakuna, sasa mtu atajuaje hatari imeanza lini na inaisha lini, atakaa siku moja akiogopa na ya pili anakatiza. Fuvu liachie dawa ambazo chupa yake ina fuvu. Ila mchoro weka, maana kuna watoto hawajui kusoma, mkono ulionyooshwa wa kuzuia unaeleweka na kila mtu, hata vibao vya mashambani Marekani vinatumia mtu aliyekunja uso kanyoosha mkono.

Saizi, ile sheria ya New York inaridhika na kama sentimita 10 kwa 13, kwangu mimi ni ndogo, chukua karatasi ya A4 ya njano, herufi nyeusi, iwekwe lamineti au uivalishe plastiki, na uandike kwa maka isiyofutika na maji. Kisimame kama sentimita 30 kutoka chini au zaidi, pembezoni mwa nyasi, kila mahali watu wanapoingilia. Pembezoni nimesema, kuna mtu alichomeka chake katikati kabisa ya kiwanja, kukisoma lazima ukanyage dawa! Na kinachomekwa kabla fundi hajafungua bomba, sio akimaliza. Meseji kwenye grupu la wapangaji tuma siku moja kabla ili wenye mbwa wajipange na wenye nguo kwenye kamba waanue.

Mvua: ikitabiriwa, ahirisha, maana ikinyesha dawa haijakauka inaoshwa inakwenda mtaroni, magugu yanabaki yanakucheka na hela imekwenda. Ikinyesha baadaye usiseme mvua imesafisha ukang'oa vibao mapema, saa ulizoandika zibaki zilezile, na kama masaa yameisha nyasi bado zimelowa subiri zikauke.

Muda ukiisha, ng'oa siku hiyohiyo. Hapa ndo wasimamizi wengi wanaharibu, kibao kinaachwa miezi mpaka kinapauka, watoto wanakizoea wanakifanya goli, siku ukipiga dawa kweli hakuna anayekitazama.

Akitokea mtu kaingia kwa bahati mbaya, avue viatu nje, anawe kwa maji na sabuni, mbwa aoshwe miguu. Akihisi vibaya, au mtoto ametia kitu mdomoni, nenda hospitali na lebo mkononi, usimtapishe mwenyewe.

Kitu cha mwisho hukuniuliza ila nakiongeza: majani yatakayofyekwa baadaye. Kama kuna mtu huwa anakuja kuchukua majani ya sungura au mbuzi, mwambie mapema, lebo nyingi zinataja muda wa kutolisha mifugo na huwa ni mrefu kuliko huo wa kukanyaga. Na kuna dawa za magugu kama clopyralid na aminopyralid zinakaa kwenye majani mpaka ndani ya mboji, ukiweka mboji hiyo kwenye nyanya au maharage yanajikunja. Yako ni 2,4-D, haikai hivyo, lakini mwambie fundi akuonyeshe chupa kabla hajachanganya, nyingine zinakuja dawa mbili tatu kwenye chupa moja.