Kupekua ISO, IMG na tar.gz kama folda bila kuzifumua

Mkuu, umesema una ISO kadhaa (nakala za CD au DVD), IMG (nakala ya diski nzima) ya kompyuta yako ya zamani na tar.gz (kifurushi cha faili kilichobanwa) ya giga 60, nafasi imebaki kiduchu, na unataka kuzipekua bila kuzifumua. Inawezekana, ila hizo tatu kila moja ina tabia yake.

ISO haina shida. Tangu Windows 8 unabofya mara mbili tu inajitokeza kama diski. Kwenye Linux `sudo mount -o loop,ro faili.iso /mnt` inatosha; mount ndiyo amri ya kuifungua kama folda, na `ro` ni kusoma tu.

IMG ndiyo iliyonitoa jasho. Niliipa amri hiyohiyo, ikakataa kwamba mfumo wa faili hautambuliki, nikajua nakala imekufa. Nusura niifute! Kumbe nakala ya diski nzima huanza na jedwali la patisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa), faili zenyewe ziko mbele zaidi. `fdisk -l` ilinionyesha patisheni ya kwanza inaanzia sekta ya 2048; mara baiti 512 ni 1048576. Nikaongeza `offset=1048576` kwenye mount, folda zote zikajaa mbele yangu. Siku hizi hesabu sipigi tena, natumia `sudo losetup -rPf --show diski.img`. Itakutajia jina, tuseme /dev/loop0, na patisheni zinakuja kama /dev/loop0p1 na kuendelea; hizo ndizo unazozipa mount.

Hiyo `-r` usiiache. Kama patisheni ni ya ext4 (mfumo wa faili wa Linux) na mashine ilizimika ghafla, mount yenye `ro` peke yake bado inaweza kuandika ndani ya nakala ili kumalizia jarida lake, yaani kumbukumbu ya mabadiliko yaliyokatika njiani. Ukiiunganisha kwa losetup yenye `-r` haiwezi. Mount ikigoma, iongezee `noload`, iache jarida hilo.

Sasa tar.gz. Zip huweka orodha ya faili zake mwishoni, kwa hiyo programu inaruka moja kwa moja kwenye inayotakiwa. Tar haina orodha, na gzip inabidi isomwe tangu mwanzo, yaani picha iliyo mkiani inakudai ufumue kila kilichoitangulia. Nilianza na archivemount, programu ya kufungua vifurushi kama folda. Kwa vitu vidogo ni nzuri, kwa kubwa utachoka. Tena niliwahi kubadili jina la faili moja tu humo ndani: nilipofunga folda hiyo (unmount) ikaanza kuandika upya kifurushi kizima huku ikibakiza cha zamani, diski ikajaa. Kwa nafasi uliyonayo, usithubutu.

Tumia ratarmount (inapatikana kwa pip, kisakinishi cha programu za Python). Unaandika `ratarmount nakala.tar.gz folda`, inasoma kifurushi chote mara moja, inatengeneza faharasa na kuihifadhi pembeni. Kwa giga 60 mara ya kwanza iache ifanye kazi usiku, usiikatize ukidhani imekwama. Faharasa nayo inakula nafasi kidogo, lakini mara ya pili inafunguka chapchap. Ukimaliza, ifunge kwa `fusermount -u folda`.