Kabla hujafungua kabati la dawa

Miaka yangu ya kwanza kwenye kliniki ya uzazi wa mpango nilikuwa na hotuba. Naanzia kondomu, namalizia kufunga kizazi, dakika kumi bila kupumua, mteja anaitikia kwa kichwa. Nikimuuliza amechagua ipi, jibu ni lile lile: "Yoyote tu sista, unayoona inafaa." Nami naandika ninayoona inafaa.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja aliyerudi baada ya miezi mitano akitaka kijiti kitolewe. Alikuwa anakipapasa kwa kidole, kinacheza chini ya ngozi ya mkono. "Uliniambia nitazoea," akasema. "Leo siku ya arobaini navaa pedi." Nikafungua kadi yake, nikakuta mwandiko wangu: ameelezwa maudhi madogo madogo. Madogo kwetu tusioivaa hiyo pedi. Kweli nilimweleza. Nilimwambia hedhi "inaweza kubadilika", maneno ambayo ukiyakamua hayatoi kitu.

Siku hizi nasema kama kulivyo. Ukiwa na kijiti, damu inaweza kuja matone matone, ikapitiliza siku, au ikakata kabisa, na hakuna anayeweza kukutabiria. Sindano ya miezi mitatu, wengi huishia kutoiona hedhi; damu hairundikani popote, ni ule utando wa ndani ya mji wa mimba ambao haunenepi, basi hakuna cha kutoka. Kitanzi cha shaba, miezi mitatu hadi sita ya mwanzo hedhi huwa nzito na tumbo husokota. Halafu namuuliza: likikupata hilo, utaishi nalo vipi? Hapo ndipo anapoanza kusema yeye.

Maswali mengine mawili siyaruki. La kwanza, unataka mtoto lini? Anayetaka mimba mwakani lazima ajue kwamba baada ya sindano ya mwisho huchukua wastani wa miezi kama 10 kushika mimba, wakati kijiti na kitanzi vikitolewa uwezo hurudi upesi. La pili naliuliza kwa sauti ya chini: nyumbani nani anajua umekuja? Kuna anayemeza vidonge mbele ya mumewe, na kuna ambaye pakiti ikionekana chini ya godoro ni balaa. Huyo wa pili huwezi kumpa vidonge ukasema umemhudumia.

Ya usalama ni machache ila hayana mzaha. Kwa vidonge vyenye estrojeni, ile homoni ya kike, pima presha; ikifika 140/90 tafuta njia nyingine. Uliza kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Uliza kama amejifungua hivi karibuni na ananyonyesha, kama anavuta sigara na ametimiza miaka 35, na kama anatumia rifampisini, dawa ya kifua kikuu, au dawa za kifafa, maana baadhi hupunguza nguvu ya vidonge na kijiti. Na tafadhali, usimrudishe nyumbani eti asubiri hedhi. Ukijiridhisha kwamba hana mimba, vidonge hivyo, sindano au kijiti aanze leo leo, atumie na kondomu siku 7. Nimewaona waliosubiri hedhi wakarudi kuandikishwa kliniki ya wajawazito.

Yule mama nilitaka kumwambia avumilie. Neno lilishafika mdomoni. Nikamwambia badala yake kwamba ipo ibuprofeni ya siku 5 inayoweza kupunguza damu, akakataa, nikanawa mikono na kukitoa. Nikiwa namfunga bandeji akauliza kama kitanzi nacho mtu hutolewa akitaka. Nikamjibu ndiyo, siku yoyote.

"Haya nieleze hicho," akasema. "Lakini leo anzia kwenye damu."