Pasiwadi Yangu Ilikuwa 1001

Juzi kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia: "Fundi, nimepewa kazi ya kufunga simu za intaneti kwenye sacco. Hizi SIP, RTP na TLS ni dudu gani?" Namjibu hadharani, kwa sababu mimi sikuuliza, nikalipa.

Nilikuwa na kiburi cha fundi mpya. Hoteli moja hapa Kisumu ilinipa kazi, nikaweka seva ya Asterisk, programu ya kuendesha simu za ofisi, na laini za ndani kuanzia 1001 hadi 1018. Pasiwadi ya kila laini? Namba yake yenyewe. Meneja alitaka kupokea simu akiwa kwake Milimani, nami nikafungua poti 5060, mlango ambao simu hizi hupitia kwenye seva, kwa dunia nzima. Nikasifiwa, nikapewa kuku. Nilirudi Kondele nikitembea kama bwana harusi.

Jumatatu asubuhi meneja alinipigia, na hakunisalimu. Tangu Ijumaa usiku 1001 ilikuwa ikipiga simu za ng'ambo mfululizo. Hakuna mwizi aliyepita mlangoni. Kuna programu zinazozurura intaneti usiku na mchana zikibisha hodi kwenye 5060, zikijaribu namba na pasiwadi nyepesi. Zikifunguliwa, wenye programu hizo hupiga namba za ghali ambazo wao hupata mgao wa malipo yake. Bili inabaki kwako. Yangu ilimeza malipo yote ya kazi ile, na hoteli ikatafuta fundi mwingine. Mpaka leo nikipita pale nageuza uso upande wa ziwa.

Sasa sikiliza, kijana wangu. SIP ni makanga: ndiye anayeita, anayepanga nani akae wapi, anayegonga gari liondoke au lisimame. RTP ni matatu yenyewe, inabeba sauti ikiwa imekatwa vipande vidogo vidogo. Ukitumia TLS, kwa kawaida kwenye poti 5061, makanga anasema kwa lugha ya siri. Wengi huishia hapo wakidhani mazungumzo yamefichika, kumbe madirisha ya matatu yako wazi na abiria wanaonekana. SRTP, yaani RTP iliyofichwa kwa siri, ndiyo inayoyafunga. Na ukiwasha SRTP kwa mtindo wa SDES bila TLS, ufunguo wenyewe wa kufungulia sauti unapita wazi ndani ya ujumbe wa SIP. Makanga anautangaza stendi nzima!

Pasiwadi iwe ndefu. Narudia, iwe ndefu, na isifanane na namba ya laini. Laini isiyohitaji ng'ambo ifungie ng'ambo. Meneja anayetaka kupokea simu akiwa nyumbani apitie VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa kazini, hata akinuna.

Nyinyi vijana mnapenda kupiga picha waya zilizopangwa vizuri mkiziweka WhatsApp, lakini logi, daftari ambamo seva huandika kila kinachotokea, hamfungui. Hata mimi sikuifungua. Nilipoisoma Jumatatu ile, yote yalikuwamo: anwani nisiyoijua ikiijaribu 1001, tena na tena, kuanzia Ijumaa saa kumi jioni, nikiwa bado mezani kwao nakula kuku.