Mume ataka buti, mie nataka Vitz

SWALI: Salam aleikum kaka. Mie nauza leso na madera, mzigo nauchukua Biashara Street narudi nao Bamburi kwa tuktuk, nimechoka. Nataka Vitz, ile Toyota fupi ya hachibeki, mlango mmoja mkubwa nyuma bila buti, lakini mume wangu ashikilia Axio, Toyota ya sedani, ati Vitz ni gari la wasichana, mtu mzima awe na gari lenye buti. Dadangu yuko Uingereza asema huko hachibeki zimejaa kila mtaa, na binamu yetu wa Marekani asema kwao hazionekani sana. Nani mkweli? Mama Leso, Bamburi

JIBU: Waaleikum salam dada. Wote wakweli, kila mmoja akwambia ya barabara yake. Ulaya miji mingi ni ya zamani, vichochoro kama vya Mji wa Kale, petroli ina kodi nzito na pakingi ni vita, kwa hivyo gari fupi linalomeza mzigo ndilo lenye maana. Renault 16 ilitoka 1965 na mlango mkubwa wa nyuma na viti vya kukunja, 1974 ikaja Volkswagen Golf, basi watu wakazoea, tajiri kwa maskini. Marekani nako mafuta ni rahisi, barabara pana, hachibeki ikaonekana gari la mtu asiyejiweza, hata Golf ilipowekewa buti ikaitwa Jetta huko waliipenda Jetta zaidi. Ingawa siku hizi sedani zenyewe nazo zasukumwa nje na SUV.

Mumeo angefurahi China, maana kule bosi hukaa kiti cha nyuma na Audi wanawarefushia sedani yao ya A6 ili anyooshe miguu. India ndio kichekesho, gari lisilofika mita 4 lina kodi nafuu, basi 2012 Suzuki wakaikata buti sedani yao ya Dzire ikabaki kifundo, na watu wakainunua hivyo hivyo, bora buti lipo!

Sisi huku tuseme ukweli, twachagua katika alivyochoka navyo Mjapani, usukani wa kulia, isizidi miaka 8, na injini ikivuka cc 1500 ushuru unapanda. Vitz na Axio nyingi ziko chini ya hapo kwa hivyo ushuru usiwagombanishe, hapo ni heshima tu, gari la kupeleka wazee harusini.

Sasa kazi yako. Robota la leso ni pana na halikunjiki, mdomo wa buti la Axio ni mwembamba, utalisukuma liingie nusu ulitoe tena ulipasue pale pale barabarani. Vitz unakunja viti vya nyuma unalitumbukiza, lakini siku una watoto viti havikunjiki na nyuma panabaki pa mkoba na mtungi wa maji. Na mlango wa nyuma una kioo, mzigo unaonekana, weka kitambaa cheusi juu. Halafu hachibeki haina ukuta kati ya mzigo na abiria, pitia Kongowea ubebe samaki siku ya jua kali ukwame foleni Bombolulu, hiyo harufu mtaizoea nyote. Hapo mumeo ana haki, wallahi.

Mie ningewaambia muangalie Fielder. Ni hiyo hiyo Axio, mbele amepata sura yake mzee, nyuma umepata mlango wako, robota laingia na watoto wamekaa, mmoja asogee kidogo tu. Bei iko juu ya Vitz, na samaki bado watanuka. Kama mfuko haufiki, chukua Vitz na samaki waletwe na bodaboda.

Mkienda yadi, ufungue huo mlango wa nyuma uuachie, ukianza kushuka wenyewe zile shoki nyembamba zinazoushikilia zimekwisha, na pitisha kidole ukingo wa chini ndani ya mpira, ndipo maji yanapotuama, na kwa hii chumvi yetu ya bahari kutu ikishaanza hapo haingoji.