Vikapu kilo 6, bili ya kilo 24: mashine imekosea au nimepigwa?

SWALI: Habari za kazi wapendwa. Mie nauza vikapu vya ukili hapa Tanga na nina wateja Ujerumani. Juzi nimefunga boksi la 60 kwa 50 kwa 40, mizani ya wakala ikasoma kilo 6, nikalipia kilo 6. Mzigo umeshaondoka ndo naletewa meseji niongeze hela, eti mashine yao imetoa kilo 24!! Hivi inapimaje hiyo mashine? – Mama Vikapu, Tanga

JIBU: Pole mama, ila mashine haijakosea. Kampuni za kurusha vifurushi kwa ndege zinaangalia uzito wa mizani na uzito wa ujazo, ule mkubwa ndo unalipia, maana ndege inaweza kujaa hata kabla haijalemewa, na vikapu ni upepo mtupu. Hesabu yenyewe unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita halafu unagawa kwa 5000, ndo kigawanyo wanachotumia wengi wao. Yako ni 120,000 gawa kwa 5000, hiyo hapo 24. Wa kumlaumu ni wakala aliyekupokea bila kushika futi, na hapo mi nakuunga mkono kabisa ukamuulize.

Sasa kwenye vituo vikubwa vya kuchambulia vifurushi, mfano Leipzig hukohuko Ujerumani au Memphis kule Marekani, hakuna mtu wa kupima boksi mojamoja. Mzigo unapanda mkanda unaopita chini ya kitu kama geti la chuma, juu na pembeni kamera na leza, na mkanda hausimami. Taa ya kuhisi inaona ncha ya mbele ya boksi, kuna kigurudumu kinahesabu mkanda umesogea kiasi gani mpaka ncha ya nyuma ipite, urefu huo umepatikana. Kimo na upana vinachukuliwa na leza za juu, na kuna kipande cha mkanda chenye mizani chini yake. Papo hapo bakodi inasomwa, na namba, uzito, vipimo, mara nyingi na picha, vyote vinaingia rekodi moja. Kwa hiyo ukitaka kubishana waombe hiyo rekodi, usibishane kwa mdomo tu.

Kitu ambacho wauza vikapu wengi hawakijui ni hiki: mashine inahesabu boksi la pembe nne linaloweza kumeza mzigo wako wote pamoja na kila kilichochomoza. Mshikio mmoja ukitokeza juu sentimita 5, kimo kinakuwa 45 na bili inapanda hadi kilo 27, yaani kilo 3 za mshikio! Boksi likifura katikati hivyohivyo. Ingiza vikapu vidogo ndani ya vikubwa, mishikio ilaze ndani, tafuta boksi linalobana, ukifika 50 kwa 40 kwa 40 unalipia 16. Na kama mteja hana haraka uliza meli, wale wa Kariakoo wanaoleta mizigo toka Guangzhou watakueleza mambo ya CBM, yaani mita za ujazo, mpaka uchoke.

SWALI: Jambo. Niko Mkongomani, nakaa Columbus, Ohio, natumika kwenye depo ya vifurushi upande wa vile vimekataliwa na skana. Boksi moja linaweza kunirudia mara tatu, na bakodi naiona vizuri kwa macho! Shida iko wapi? – Papa D.

JIBU: Papa D, kumbe uko jimbo lenyewe, maana bidhaa ya kwanza kuskaniwa bakodi ya dukani ilikuwa pakiti ya chingamu kwenye supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Leza inahitaji kuikata mistari yote toka mwanzo hadi mwisho kwa mkato mmoja. Lebo ikipinda kwenye kona, nusu upande huu nusu ule, imekwisha. Tepu inayong'aa juu yake inarudisha mwanga, na nailoni iliyokunjamana inaifinya mistari, na ule weupe wa pembeni ukizibwa mashine haijui bakodi inaanzia wapi. Ila angalia sana lebo za zamani: watu wanatumia boksi la mwaka jana, mashine inasoma namba mbili, inashindwa kuchagua, inakutupia wewe. Na maboksi mawili yakigusana, ile taa inayaona boksi moja refu lenye bakodi mbili, hapo hata lebo nzuri haisaidii, yaachanishe.

Kwa hiyo likikurudia mara ya pili usilirushe tena mkandani hivyohivyo. Lebo ya zamani ichane au ipige maka nyeusi, chapa mpya, ibandike juu palipo bapa.